Fundi wa Udongo wa Ndanda

Ndanda ina maji. Ndilo jambo la kwanza utakaloambiwa kuhusu mahali hapa, na wanaolisema kwa msisitizo ni watu wa juu, si wa chini. Mvua inayonyesha Newala na Tandahimba haikai juu. Uwanda wa Makonde umefunikwa na kichanga chekundu kinachomeza maji yote, kisha maji hayo hushuka ndani kwa ndani mpaka yakutane na tabaka lisiloyapitisha, ndipo yanapotokeza kwenye miteremko, upande huu wa bonde la Lukuledi na upande ule wa Ruvuma. Wabenediktini walipohamia Ndanda mwaka 1906, mwaka mmoja baada ya vituo vyao vya Lukuledi na Nyangao kuharibiwa katika Vita vya Majimaji, walizikuta chemchemi zikibubujika chini ya ukingo. Bado zinabubujika. Miaka hiyohiyo mwanamke wa Newala alikuwa akiuteremka ukingo wa uwanda alfajiri na mtungi mtupu, na kuupanda tena na mtungi umejaa, jua likiwa limeshakuwa kali.

Naanza na maji kwa sababu nataka kueleza ufundi wa nyumba, na nyumba za huku hazieleweki mpaka ujue maji yako wapi, yanapatikana kwa jasho gani na yanakwenda wapi yakishanyesha. Nyumba ya fito na udongo huzaliwa kwa maji. Bila maji udongo haukandiki. Ikishakauka, adui yake mkubwa ni maji yaleyale. Fundi anayestahili jina hilo ni yule anayejua kuyatumia kwa kiasi siku za kujenga, halafu akayaelekeza pembeni miaka yote inayofuata. Mengine yote katika kazi yake, na ni mengi, yanatokana na hilo.

Kijumba nilichokaa kiko ndani ya shamba la mikorosho, si mbali na barabara ya Mtwara kwenda Masasi, pale ardhi inapoanza kuinuka kuelekea ukingo. Kuanzia Oktoba hivi, korosho zikianza kudondoka, wenye mashamba wengi huhamia shambani na familia, na vijumba vya namna hii ndivyo makao yao kwa msimu mzima wa kuokota korosho na kuzitenga na mabibo. Mwezi Julai, katikati ya kipupwe, kilikuwa kitupu. Mwenyewe ni mzee wa Kimakua, mzaliwa wa upande wa Masasi aliyeoa Ndanda. Alinikubalia nikae humo kwa kuwa nilitaka kumwona akijenga kingine jirani yake, cha mjukuu wake anayetaka kuanza maisha.

Kina vyumba viwili, ukumbi mwembamba katikati, baraza mbele na jiko la kando nyuma. Watu wa nchi za mbali nao wameanza kupenda kukaa padogo: Marekani, kanuni za ujenzi wa makazi za mwaka 2018 ziliweka kiambatisho maalumu cha vijumba, kikomo chake futi za mraba 400, yaani kama mita za mraba 37. Kijumba cha mzee kinaingia humo na nafasi inabaki. Lakini hakibani, na sababu haihusiani na vipimo. Hakuna anayekaa ndani mchana. Kuchambua mboga, kupokea wageni, kusuka ukili, kumsomea mtoto barua ya shule, vyote hufanyika barazani au chini ya mkorosho. Ndani ni pa kulala, kuhifadhi na kujisitiri mvua inaponyesha. Mjenzi amejua mapema ni shughuli gani zitakuwa ndani na zipi zitakuwa nje, na akajenga zile za ndani tu.

Kazi ya mjukuu ilianza kwa nguzo. Mzee alikuwa amezikusanya kwa muda mrefu na kuziegemeza kwenye mti: za pembeni nene, za kati nyembamba kidogo, na zile ndefu zenye panda juu ambazo zingebeba mwamba wa paa. Panda zile hazikuchongwa. Ni matawi yalivyoota. Fundi hutembea msituni akitazama juu, akitafuta mahali mti ulipogawanyika kwa pembe anayoitaka, na akiuona huukumbuka, hata kama hana haja nao mwaka huo. Mbili kati ya zile za kona zilikuwa mpingo, nyeusi, zimekwisha kupinda misumari miwili mitatu iliyojaribu kuzipenya. Zilitoka kwenye nyumba ya mama yake mzee iliyobomoka yenyewe. Mchwa walikuwa wamekula fito zote, wakala makombamoyo, wakaziacha hizo nguzo zimesimama kwenye kichuguu kidogo cha udongo wa kuta. Akazing'oa, akazifuta, akazibeba.

Watu wengi wanapolisifu jengo la namna hii husema kwamba likifa hurudi ardhini. Ni kweli, lakini wanasahau sehemu isiyorudi. Mbao ngumu huhama kutoka nyumba hadi nyumba, na katika familia yenye kumbukumbu watu wanaweza kukuonyesha nguzo iliyomsimamia bibi alipojifungua. Zile za miti laini zaidi mzee alizichoma ncha za chini kwenye moto wa taratibu, akizigeuza mpaka sehemu itakayoingia ardhini ikawa mkaa kwa nje. Siku hizi vijana hupaka oili chafu kutoka gereji. Yeye haikatai, ila alisema inamtia mashaka karibu na shimo la maji, na mashaka yake yana msingi.

Kiwanja kilipimwa kwa kamba moja yenye mafundo. Kwanza upande mrefu, kisha ule mfupi, kisha kamba ikavutwa kutoka pembe hadi pembe, ikarudiwa pembe nyingine. Zilipotofautiana kwa upana wa vidole vitatu, alimwambia mjukuu asogeze kigingi, wakapima tena. Hakuna mashine pale, na pembe zilikaa mraba. Kabla ya kuchimba shimo hata moja alisimama upande wa juu wa mteremko, akaukokota mguu wake mchangani kuonyesha mahali mfereji utakapopita mvua zikija. Mfereji ulichimbwa siku ileile. Nyumba haikuwa na nguzo hata moja, lakini njia ya maji ilikwisha kuwepo.

"Mjukuu wangu," aliniambia, kwa kuwa kwake kila mtu wa umri wangu ni mjukuu, "maji hayana ugomvi na mtu. Ukimwonyesha pa kupita, anapita." Alisema "ukimwonyesha", kama mtu.

Kufunga fito ndiyo kazi niliyoitazama kwa muda mrefu kuliko zote. Alitumia mianzi. Mwanzi hupasuliwa kwa panga kutoka upande wa ncha, na fundi husikiliza: ufa ukienda sawa sauti ni moja, ukipotoka kuelekea upande mmoja sauti hubadilika, naye huukandamiza ule upande mnene kwa goti ili ufa urudi katikati. Kwenye kila fundo la mwanzi hupumzika kidogo, hugonga mara moja, kisha huendelea. Vipande vinavyopatikana hufungwa kwa ulalo, safu moja nje ya nguzo na nyingine ndani, shubiri moja kati ya ufito na ufito, hivyo ukuta mzima unakuwa kama sanduku refu lenye matundu, likisubiri kujazwa.

Kamba zilikuwa za magome ya miyombo, zimelowekwa usiku kucha. Hapa ndipo mikono ya mzee ilipokuwa na haraka pekee niliyoiona kwake. Kamba huzunguka nguzo na ufito mara mbili kwa mkingamo, mkia hupitishwa chini ya mzunguko wa kwanza, huvutwa kwa nguvu mpaka maji yatoke kwenye gome, kisha huachwa. Hakuna fundo. Gome likikauka hunywea na kubana, na baada ya siku chache huwezi kuingiza hata ukucha. Mjukuu alijaribu waya wa kufungia, wakaufunga kwenye ukuta wa nyuma ili waone. Mzee hakubishana naye. Alimwonyesha tu kwamba waya unaukata mwanzi taratibu kila ukuta unapotikiswa na upepo, na gome haliukati.

Udongo ulitoka kwenye kichuguu kilichokufa, chini ya shamba, pamoja na kichanga cha palepale. Mchwa huchagua chembe ndogondogo na kuzipandisha juu, kwa hiyo udongo wa kichuguu hushikana kuliko ule wa pembeni yake. Lakini ukiwa peke yake hupasuka mno unapokauka, na kichanga kikiwa peke yake hakishikani. Fundi hutafuta mahali vinapokubaliana. Alifinyanga tonge, akalibana mkononi mpaka alama za vidole zikakaa, akaliachia lidondoke kutoka usawa wa kiuno. Likigawanyika vipande viwili vitatu, sawa. Likisambaratika, kichanga kimezidi. Likibaki zima kama lilivyo, ongeza kichanga. Aliongeza mara mbili.

Shimo la kukandia lilichimbwa upande wa chini wa nyumba, wala si palipo karibu zaidi, ili lisije likatuamisha maji mlangoni wakati wa masika. Mwakani litapandwa mgomba. Walimwagia maji jioni, wakalifunika kwa majani ya migomba na nyasi, wakaliacha lilale. Udongo uliolala na maji hukandika kwa maji machache kuliko udongo mkavu. Chini huku, penye chemchemi, hilo ni jambo la kuokoa nguvu tu. Juu ni suala la kujenga au kutojenga. Mzee amejenga Newala pia, na anaeleza jinsi mafundi wa kule walivyochimba mashimo mapema, wakangoja mvua za mwisho za Aprili ziyajaze, wakakandika kwa maji waliyopewa na mvua, kwa kuwa hakuna mwanamke ambaye angekubali kuupanda ukingo na mtungi ili maji yakamwagwe kwenye tope. Ratiba nzima ya ujenzi ilifuata kalenda ya mawingu. Fito na nguzo zilipaswa kuwa tayari kabla, nyasi baadaye, na udongo katikati, katika majuma machache ambayo ardhi bado ina unyevu na mvua imeshapungua.

Asubuhi iliyofuata vijana wa jirani walikuja kukanyaga udongo kwa miguu, wakiimba, na mchana ukuta ulianza kujazwa. Watu husimama wawiliwawili, mmoja ndani na mmoja nje, kila mmoja na tonge la ukubwa wa kichwa cha mtoto. Hulipiga kwa wakati mmoja, ili matonge yakutane katikati ya fito na kuungana. Ukichelewa, tonge la mwenzako hutokea upande wako na kudondoka. Masasi, kwenye vile vilima vya mawe vinavyosimama peke yake katika tambarare, mafundi huchanganya mawe madogo na udongo, na ukuta huwa mzito na mgumu. Uwandani mawe ni adimu, kwa hiyo ni udongo mtupu, na kazi ya kupigiliza kwa kiganja inakuwa kubwa zaidi. Mzee alipita nyuma yao akigonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Palipolia utupu alitoboa kwa kijiti, akaongeza udongo, akagonga tena.

Kisha kazi ilisimama, na ilibidi isimame. Ukuta uliachwa upasuke. Nyufa zilizojitokeza zilikuwa nyembamba na nyingi, zikifuata fito zilizo ndani, hivi kwamba ungeweza kuhesabu mianzi kwa kuzitazama. Mtu asiyejua angedhani kazi imeharibika. Lakini nyufa hizo ndizo zinazolishika tabaka la pili, na fundi anayeharakisha kusiriba kabla ukuta haujamaliza kupasuka atasiriba tena baada ya mwezi. Mjukuu, aliyekuwa na tarehe ya harusi kichwani, alikuwa akija kila asubuhi kutazama ukuta. Mzee alikuwa akiugusa, akitikisa kichwa, akirudi zake kuchambua nyasi.

Kusiriba ni kazi ya wanawake, na hapa ndipo nilipoona kiwango cha usahihi ambacho sikukitarajia kwenye nyumba ya shambani. Mke wa mzee alikuja na dada zake wawili. Ng'ombe walikuwa wachache sana Kusini kwa sababu ya mbung'o, kwa hiyo mafundi wa huku hawakuzoea kuchanganya samadi kama wafanyavyo watu wa bara. Wao hutumia udongo laini uliochekechwa na majivu. Bibi huchovya mkono, huchukua kiasi kidogo, huupaka kwa kisigino cha kiganja kwa mwendo wa nusu duara, kisha hurudi juu yake kwa jiwe laini lililolowanishwa. Jiwe lile amelirithi. Tabaka analoweka halizidi unene wa ngozi ya embe, na ukilitazama kwa pembeni jua likiwa chini, huoni kilima wala bonde. Sakafu nayo hupigiliziwa, husiribwa, huachwa, husiribwa tena.

Hii si kazi ya urembo tu. Papasi, wale kupe wadogo wanaoleta homa ya papasi, huishi kwenye nyufa za sakafu na kuta za udongo, hutoka usiku, hunyonya damu, hurudi ufani kabla hakujapambazuka. Nyumba iliyosiribwa vizuri na kurudiwa kila mwaka haiwapi pa kukaa. Wanaosema nyumba ya udongo ni nyumba ya maradhi wanaizungumzia nyumba iliyoachwa bila kusiribwa, na hapo wana haki. Na kuhusu mbu, nafasi iliyo kati ya ukuta na paa, inayotoa moshi na joto, ndiyo inayowaingiza; kijumba nilicholala kimewekewa wavu wa kitambaa mahali hapo, umepigiliwa kwa vipande vya mwanzi. Ni nyongeza ya juzijuzi, na ni nzuri.

Mwishoni bibi alipaka rangi: nyeupe ya udongo kutoka bondeni kwenye sehemu ya juu, nyekundu ya uwandani chini mpaka usawa wa goti. Niliona mistari hiyo kwenye nyumba nyingi nikadhani ni desturi ya mapambo tu. Lakini matone yanayoruka kutoka ardhini mvua inaponyesha hufika usawa wa goti, na yanabeba udongo mwekundu. Rangi nyekundu imewekwa pale ambapo nyekundu itakuja yenyewe.

Karl Weule, Mjerumani wa jumba la makumbusho la Leipzig aliyepita Masasi na Newala mwaka 1906, aliona ufundi wa namna hii kwa macho ya mtu anayekusanya vitu, na kati ya vilivyomvutia ni komeo la mbao lenye ufunguo wake, kazi ya Wamakonde. Huko bondeni mwa Ruvuma kuna madungu pia, vibanda vya kulindia mashamba vilivyoinuliwa juu ya miti, ambamo mtu hulala juu ya wanyama wanaopita usiku. Na kuna kumbi la jando, ambalo hujengwa likijua siku litakapokufa: wavulana wakitoka, huchomwa moto. Watu wenye aina zote hizo za makazi hawakukosa maarifa ya kujenga kinachodumu. Walikuwa wanachagua kila jengo lidumu kiasi gani. Katika nchi ambayo shamba lilihama kila rutuba ilipokwisha, na baadaye, miaka ya 1970, vijiji vizima vikahamishwa kwa mpango wa ujamaa, nyumba unayoweza kuiacha bila kuililia ilikuwa na maana yake.

Sasa paa, na hapa nina neno la kusema.

Nyasi za kuezekea hukatwa mwezi Juni na Julai, zikiwa zimekomaa na kukauka na kabla moto wa nyikani haujapita. Huchanwa kwa vidole ili majani laini yatoke na mashina yabaki, maana majani hushika maji na kuoza. Uezekaji huanzia upenuni kwenda juu, kila fungu likifunika kamba ya fungu la chini yake, na mteremko lazima uwe mkali. Paa la nyasi lililolala huvuja hata likiwa jipya. Unene ni shubiri. Likiezekwa hivyo na moto wa jikoni ukiliwashia moshi mara kwa mara, wadudu hulikimbia na linakaa miaka. Kulala chini yake mwezi wa joto ni raha isiyohitaji kuelezwa kwa mtu aliyewahi kulala chini ya bati tupu.

Mwaka 1977, alipokuwa akiipima miaka 10 ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere aliwalaumu Watanzania wanaokaa bila nyumba bora wakingoja saruji na bati, ilhali udongo wa kufyatulia matofali na vigae wanao. Kuhusu saruji, miaka imempa haki zaidi kuliko alivyojua. Kuoka mawe ya chokaa na udongo mpaka nyuzijoto 1,450 hivi hutoa hewa ya ukaa kutoka kwenye moto na kutoka kwenye jiwe lenyewe, na saruji peke yake huchangia karibu asilimia 8 ya hewa hiyo inayotolewa na binadamu duniani. Tangu mwaka 2015 kiwanda kikubwa cha Dangote kipo Mtwara hapahapa, na saruji haiko mbali tena na mtu wa Ndanda. Matofali ya kuchoma nayo yanakula miti: kila tanuri ni rundo la magogo. Ukuta wa mzee haukuchomwa kwa kitu chochote isipokuwa jua.

Lakini kuhusu bati, nadhani uwanda wa Makonde una hoja ambayo lawama ile haikuifikia. Tangu miaka ya 1950 maji yamekuwa yakisukumwa kwa pampu kutoka mabondeni kupelekwa juu, na tangu wakati huo watu wa juu wamejua maana ya pampu kuharibika. Bati ndilo paa linaloweza kumpa mtu maji yake mwenyewe. Nyasi hutoa maji ya kahawia yenye takataka. Bati hutoa maji yanayonyweka yakichemshwa. Nenda Newala utazame nyumba zilizo na mifereji ya bati inayoshuka kwenye visima vilivyochimbwa uani na kupigwa lipu ndani, vimefunikwa na kufungwa kwa kufuli. Mwanamke mwenye kisima cha namna hiyo hashuki ukingo. Kumwambia kwamba paa la nyasi ni zuri zaidi kwa sababu lina ubaridi ni kutojua alikotoka.

Kwa hiyo siwezi kuungana na wanaotaka nyumba ya Kimakonde ibaki kama picha ya zamani. Ukuta wa udongo na paa la bati si ndoa mbaya, mradi fundi ajue bati limebadilisha nini. Limebadilisha mambo mawili. Kwanza joto: nyumba za zamani nyingi zina dari ya fito zilizokandikwa udongo, ambako mahindi na mbegu huhifadhiwa juu ya moshi, na dari hiyo ikibaki, joto la bati huishia juu yake. Francis Kéré wa Burkina Faso, aliyepewa Tuzo ya Pritzker mwaka 2022, Mwafrika wa kwanza kuipata, alianzia hapohapo: shule yake ya kwanza kijijini kwao Gando, iliyokamilika mwaka 2001, ina kuta za udongo uliochanganywa na saruji kidogo, dari, kisha bati lililoinuliwa juu yake ili upepo upite katikati. Dunia ilimsifu kwa haki. Mafundi wetu wana nusu ya jambo hilo tayari kwenye dari zao, na wengi wanaliacha wanapohamia bati, kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba ni la thamani.

Pili ni upenu. Paa la nyasi huning'inia mbali nje ya ukuta kwa asili yake, likafunika baraza lote, na maji yakaangukia mbele ya baraza. Baraza lenyewe ni ngao: tuta la udongo linalouzunguka ukuta chini, ambalo likilika hujazwa tena bila kuugusa ukuta. Bati hununuliwa kwa pesa, na mtu anayelipa kwa pesa hukata upenu kwanza. Ndiyo maana utaona kando ya barabara nyumba za udongo zenye bati jipya linalong'aa na kuta zilizolika chini, zimebaki fito tupu, baada ya masika mawili. Wapita njia husema udongo haufai. Udongo haukufanya kosa.

Mjukuu alikuwa ameamua bati tangu mwanzo, na mzee hakumkatalia. Zile nyasi alizokuwa akichambua zilikuwa za kurudishia paa la kijumba nilimolala mimi. Majadiliano yao yalihusu urefu. Kijana alikuwa ameandika bati za mita mbili na nusu. Mzee alichukua kijiti kirefu, akamwambia apande, akakiweka juu ya mtambaapanya na kukisogeza nje mpaka ncha yake ikapita ukingo wa baraza kwa hatua nzima, akamwita aje chini akitazame kutoka pale ambapo tone lingeanguka. Wakasimama wote wawili wakitazama ncha ya kijiti na ardhi iliyo chini yake, kisha ukuta, kisha ncha tena. Kijana aliuliza bei ya bati za mita tatu kwa simu, akakaa barazani kufanya hesabu, akaondoa kwenye orodha saruji ya sakafu ya ukumbini, ambayo bibi alikwisha kusema angeisiriba mwenyewe, na fedha ikatosha bati ndefu pamoja na mfereji wa upande mmoja. Mfereji wa upande wa pili utanunuliwa korosho zikishauzwa, na pipa la kukingia maji limeshawekwa mahali pake, kwenye kona ya chini.